Munganga anaogopa, mugonjwa anaficha

"Papa, unatoka wapi?"

Hii swali, kila mutu mwenye aliingia na homa mu kituo cha afya hapa Mapendo anaijua. Mu siku za kawaida ni salamu tu, sawa vile mutu anakuuliza habari ya watoto. Lakini mu siku za Ebola, na kisha mu siku za Covid na za mpox, ile swali njo ilikuwa mulango. Ukijibu kama unatoka Himbi ao Katindo, unakaa ku benchi na wengine. Ukijibu kama umeshuka kutoka machimbo ya Mongbwalu ao ya Kamituga, anfirmie anarudi nyuma hatua mbili, anafunika pua, na unasikia: "Docta hayuko." Ao: "Vitanda vimejaa." Ao: "Urudie kesho asubui." Hakuna mwenye atakuambia wazi kama anakatala kukutunza. Lakini umekataliwa. Wewe unajua, na yeye anajua.

Tunaandika juu ya hii mambo kwa sababu Mapendo ni kartie ya watu wa njiani. Birere iko hapa, chukudu zinapita na magunia tangu asubui, na mpaka wa Rwanda uko karibu, mutu anafika kwa miguu. Mchimbaji akishuka kutoka Rubaya, Walikale ao Ituri, mara mingi anapita huku: kuuza, kununua buti na taa ya kichwa, kulala kwa ndugu usiku moja mbele ya kuendelea. Anakuja na kile amepata mu shimo. Pengine anakuja tena na ugonjwa wenye hajajua jina lake.

Na watoto wake wako hapa wanamungoja.

Siku 8 za mchimbaji wa Mongbwalu

Wengi wetu tunakumbuka Julai 2019. Ebola ilikuwa imetangazwa mu Kivu ya Kaskazini tangu tarehe 1 Agosti 2018, ilikuwa inaua Beni na Butembo, lakini Goma ilikuwa haijaguswa. Tarehe 14 Julai 2019 mugonjwa wa kwanza akapatikana hapa mujini: muchungaji mwenye alitoka Butembo na basi. Kwenye kituo alifika, waliona dalili mbio, wakaita timu, na watu wenye walisafiri naye wakatafutwa. Mbele ya hapo, wafanyakazi wa afya zaidi ya 3000 walikuwa wamekwisha kupewa chanjo mu Goma, na hiyo ilisaidia: mutu mwenye chanjo mu mukono hakimbie sana. Siku tatu kisha, tarehe 17 Julai, OMS ikatangaza kama hii Ebola ni hatari kwa dunia nzima.

Wa pili alikuwa wa kwetu, mchimbaji wa zahabu, baba ya watoto 10. Alitoka Mongbwalu na akafika Goma tarehe 13 Julai. Tarehe 22 dalili zikaanza. Alifika mu kituo cha matibabu ya Ebola tarehe 30, na kesho yake, tarehe 31 Julai, akakufa. Tuhesabu pamoja: siku 8 kati ya homa ya kwanza na kitanda chenye kilimufaa. Mu zile siku alikuwa na watu wake. Mtoto wake wa mwaka 1 akapatikana na ugonjwa, kisha bibi yake. Tarehe 1 Agosti Rwanda ikafunga mpaka kwa masaa kadhaa. Huku kwetu, mama mwenye anavuka kila asubui na beseni ku kichwa juu watoto wakule mangaribi, hakuitaji mutu amufasirie kama homa ya mutu moja inaweza kufika mu sufuria ya nyumba mingi.

Sasa tuseme upande mwingine, wenye watu wanasahau mbio. Ule bibi na ule mtoto walipona. Walitoka tarehe 13 Agosti, wazima, mbele ya macho ya watu. Siku moja mbele, matokeo ya majaribio ya dawa ine yalikuwa yametangazwa, majaribio yenye yalifanyiwa huku kwetu. Dawa mbili zilishinda. Moja yao, mAb114, ilitokana na damu ya mutu mwenye aliponea Ebola ya Kikwit mu 1995, na profesa Muyembe wa INRB ni kati ya wale walifanya ile kazi. Kwa wagonjwa wenye walifika mapema, virusi vikiwa vingali vichache mu mwili, karibu 9 kwa 10 walipona na zile dawa.

Kufika mapema, basi. Lakini unafika mapema namna gani kama ukisema fasi umetoka mulango unafungwa? Njo pale mutu anaanza kuficha. Anasema anatoka Sake. Anasema ni malaria tu, anaomba sindano na anataka kwenda. Na anfirmie, mwenye ameambiwa malaria, anashika mukono bila gants, anatoboa, anafuta damu na pamba. Kesho ama wiki ijayo, yeye njo mugonjwa. Wenzake wakisikia, wanaongeza woga, na swali ya "unatoka wapi" inakuwa kali zaidi. Mugonjwa wa nyuma anaficha zaidi. Mu Beni, mu 2018, watoto walipata Ebola mu vituo vidogo vyenye walipelekwa kutunzwa malaria. Mama alipeleka mutoto apone.

Durba, shimo na munganga

Wachimbaji wazee wa Haut-Uélé wanajua hadisi ya Durba, karibu na Watsa, lakini vijana wengi hawaijue, na ni ya kwao.

Mu 1998, vijana wenye walikuwa wanachimba zahabu mu shimo la Goroumbwa walianza kukufa na homa na damu. Vita ilikuwa mu inchi, barabara zilikuwa zimekatika, na huko nje hakuna mwenye alisikiliza. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wachimbaji. Ugonjwa ulikuwa Marburg, ndugu ya Ebola, na ulikuwa unatoka mu shimo lenyewe, fasi popo walikuwa wanalala kwa maelfu. Mpaka mu 2000 watu 154 waligonjwa na 128 walikufa. Ugonjwa ulisimama wakati maji ilijaza shimo, na hakuna mutu aliweza tena kushuka.

Dunia iliamuka lini? Munganga mukubwa wa zone ya afya ya Watsa, mwenye alikuwa anatunza wale wagonjwa na kuomba musaada, aligonjwa naye na akakufa mu Aprili 1999. Kisha njo timu kutoka inje zilifika. Vijana wa shimo walikuwa wamekwisha kukufa miezi na miezi. Tunasema hii bila kupunguza heshima ya ule munganga, kinyume: alikuwa na kila sababu ya kukaa nyumbani na hakukaa. Lakini tusishangae kama wanganga wengine, wakisikia hadisi kama hiyo, wanajiuliza nani atalea watoto wao.

Woga wenye uko na hesabu

Kuna watu wanasema munganga alikula kiapo, basi atunze, hakuna mengine. Ni kweli alikula kiapo. Lakini tuangalie hesabu yenye yeye anaijua na sisi hatuioni.

Yambuku, 1976, Ebola ya kwanza mu inchi yetu: mu wafanyakazi 17 wa hopitali ya misioni, 11 walikufa, na hopitali ikafungwa. Kikwit, 1995: watu 315 waligonjwa, na karibu robo yao walikuwa watu wa afya. Wauguzi na wanganga walikimbia hopitali, na wale walibaki walikuwa wanashika wagonjwa na mikono mitupu mpaka vifaa vilifika. Masista sita Waitaliano wenye walikuwa wauguzi walikufa mule. Huku kwetu, mu Ebola ya 2018 mpaka 2020, watu 3470 waligonjwa na 2287 walikufa. Wafanyakazi wa afya wenye waligonjwa walikuwa 171.

Na huku kwetu virusi havikuwa peke yao. Tarehe 19 Aprili 2019, mu Butembo, watu wenye bunduki waliingia fasi timu ya Ebola ilikuwa inakutana na wakaua docta Richard Mouzoko, Mukameruni mwenye OMS ilikuwa imemutuma. Kisha wanganga wa kule wakasema wazi: mutulinde ama tunasimamisha kazi. Mu miezi ile anfirmie wa mutaa alikuwa anaogopa mugonjwa ku mukono wa kuume na jirani ku mukono wa kushoto, juu jirani alikuwa anasema Ebola ni biashara na yeye anakula mule. Tuwe wakweli, sisi wenyewe tuliyasikia hayo mazungumuzo ku kila benchi ya Birere, na si wengi walisimama kuyakataza.

Tena kuna ile ya mufuko. Wafanyakazi wengi wa afya wa Leta wanapata malipo kidogo, yanachelewa, na wengine hawako hata ku liste. Wanaishi na kile mugonjwa analipa ku dirisha. Ugonjwa mukubwa ukiingia, wanaahidiwa prime. Mu 2020, wakati wa Covid, wafanyakazi wa vituo vya Kinshasa walisimamisha kazi juu ya prime zenye hazikulipwa. Mchimbaji anaelewa hii kuliko mutu mwingine. Nani kati yenu atashuka mu shimo lenye anaona mbao zake zimeoza, kwa feza yenye bosi anasema atalipa siku ingine?

Lacor, siku wauguzi walikatala

Hatuna haja ya kwenda mbali kuona vile woga unaweza kusemwa waziwazi bila watu kuachana. Twende Uganda, Gulu, mu mwaka 2000.

Docta Matthew Lukwiya alikuwa mukubwa wa hopitali ya St. Mary's Lacor. Mu Oktoba ile mwaka alikuwa Kampala ku masomo. Wakamupigia simu: wanafunzi wauguzi wanakufa na ugonjwa wenye haujulikane. Akarudi mbio, akasoma mafishi za wagonjwa usiku, akaona kama ni Ebola mbele hata ya laboratware kusema. Akapanga chumba cha kando, nguo za kujikinga, na watu wa kujitolea.

Mu mwisho wa Novemba wauguzi wengine wakaanza kukufa, hata wenye walikuwa wanajikinga. Wengine wakachoka. Asubui moja hawakuenda ku kazi: mamia yao wakakusanyika na wakasema inatosha, hopitali ifungwe. Lukwiya hakutuma barua ya kuwafukuza, na hakuita polisi. Aliingia mu mukutano, akasikiliza, na akaongea nao masaa. Aliwaambia mwenye anataka kwenda aende, yeye atabaki hata peke yake. Walijua kama hasemi bure: mu 1989, waasi walipokuja kuchukua wauguzi wa kike, alijitoa achukuliwe yeye. Wengi wakarudi ku kazi.

Usiku moja mbele ya pale, aliitwa kwa muuguzi mwenzao mwenye alikuwa anatoka damu na kuhangaika. Alivaa gants, maski na kanzu, lakini hakuvaa ile ya kukinga macho. Tarehe 5 Desemba 2000 alikufa. Mu Uganda ile Ebola iligusa watu 425 na kuua 224.

Watu wanapenda kusema hii hadisi kama ya shujaa na kuishia pale. Sisi tunaona kitu kingine mule. Wale wauguzi walipata fasi ya kusema "tunaogopa" mbele ya mukubwa wao, na mukubwa alikuwa anaingia mu chumba kile kile na wao. Woga ulisemwa ku mukutano, si ku mulango wa mugonjwa. Huku kwetu mara mingi inakuwa kinyume: mukubwa anabaki mu biro, anfirmie mudogo anatumwa mbele na gants moja kwa siku nzima, na woga wake anauweka juu ya papa mwenye ametoka machimbo.

Mugonjwa mwingine mwenye hatumuone

Wakati wanganga wanakimbia mugonjwa wa Ebola, hawakimbie yeye tu. Mu Monrovia, Liberia, mu Agosti 2014, hopitali zilifunga juu wafanyakazi walikuwa wanakufa. Wanawake wenye mimba walizunguka mujini wakitafuta fasi ya kuzalia, hopitali kwa hopitali, na wakarudishwa. Watoto wa malaria wakabaki nyumbani. Damu ya mama anayezaa na damu ya mugonjwa wa Ebola, ku macho ya mutu mwenye anaogopa na hana gants, ni moja.

Mu machimbo yetu homa nyingi ni malaria. Bibi ya mchimbaji akirudishwa usiku kwa sababu bwana yake anajulikana ni wa Kamituga, pengine hakuna mpox wala Ebola mu ile nyumba. Kuko mimba tu, na masaa yanaenda.

Na Kamituga tuitaje vizuri, juu jina lake limechafuliwa bure. Mu Septemba 2023 aina mpya ya mpox ilionekana kule, mu muji wa zahabu wa Kivu ya Kusini, fasi watu wanatoka kila upande, wanalala wengi mu nyumba moja, na wanakutana mu mabaa. Ilipanda mpaka Bukavu, mpaka Goma, mpaka inchi jirani, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza tena hatari ya dunia. Tarehe 5 Oktoba 2024 chanjo ikaanza hapa Goma, na wafanyakazi wa afya walikuwa kati ya wa kwanza. Mpox haiue sawa vile Ebola, lakini inaonekana ku ngozi, na njo ile inafanya haya. Mchimbaji anavaa mikono mirefu mu joto, anafunga shati mpaka ku shingo, anakaa kando. Mu timu ya shimo, ukisema uko na vidonda, pengine unapoteza fasi yako na mufuko wako wa wiki. Basi hata huko juu, mbele ya kufika kwa munganga, mutu amekwisha kujifunza kunyamaza. Na mu Januari 2025, vita ilipoingia Goma, wagonjwa wengi wa mpox walitoka mu vituo na kukimbia na watu wengine. Nani atawaomba leo waseme walikuwa wapi?

Kukatala na kuweka kando

Kuna kitu kimoja wengi wanachanganya, na inaleta ugomvi mingi ku mulango. Kuwekwa kando hakumaanishe kukataliwa. Ukifika na homa, ukaambiwa ukae ku kiti cha kando, inje kidogo, ukapewa maski, ukanawa na maji ya klore, anfirmie akaongea nawe akiwa mbali hatua mbili, na akapiga simu ku zone ya afya: huyo amekupokea. Anafanya kazi yake vizuri. Usimutukane. Mwenye kukukatala ni ule anakuambia urudie kesho bila kukupima, bila kuandika jina, bila kuita mutu.

Na wewe, papa ao mama mwenye unaleta mugonjwa, sema mbele ya kushikwa. Baki inje ya mulango na uite. Sema homa ilianza siku gani, umetoka machimbo gani, kama uligusa mugonjwa ao ulisaidia kuosha maiti. Maneno ine ao tano. Anfirmie akijua, anavaa. Asipojua, anakufa, na kituo kinafungwa, na mutaa mzima unabaki bila fasi ya sindano.

Lakini hatutaki kuweka muzigo wote ku mugonjwa. Munganga mwenye yuko na gants, na maski, na chanjo, na chumba cha kando, na bado anarudisha mutu, ule anatukosea, na kamati ya afya ya kartie iko na haki ya kumuuliza jina kwa jina. Munganga mwenye hana hata gants moja, kumulazimisha kushika damu ni kumutuma ku kifo, na atabeba ugonjwa mpaka kwa mugonjwa wa nyuma. Kwa huyu, wa kuulizwa ni ule mwenye alipashwa kuleta vifaa.

Tuongee feza, basi. Boksi moja ya gants iko na 100. Hiyo si bei ya kushindwa na muji wenye maduka yote haya ya kununua koltani na zahabu. Kanuni ya migodi ya 2018 inadai makampuni makubwa yatoe asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wa pale, lakini mchimbaji wa mikono hana kampuni kubwa nyuma yake. Iko na koperative. Koperative inakata ku kila gunia: ya barabara, ya usalama, ya biro. Mu mukutano wenu wenye unakuja, ulizeni kama kuko hata moja ya afya, inaenda ku kituo gani, na mara ya mwisho ilinunua boksi ngapi.